Saa ya Linux ikigoma kwenda na mtandao

Kabla hujagusa faili lolote, andika timedatectl kwenye terminal (dirisha la amri). Ukiona "System clock synchronized: no", usikimbilie kuweka saa kwa mkono, itapotoka tena. Kama mashine inatumia chrony (programu inayouliza saa kwenye seva za mtandao), andika chronyc sources, utazame safu ya Reach. Namba 377 maana yake maombi manane ya mwisho yote yalijibiwa (imeandikwa kwa mfumo wa namba wa nane, ndiyo maana inashangaza). Ikiwa ni 0, hakuna jibu hata moja lililorudi, na mara nyingi mchawi ni faiwoli (kizuizi cha mtandao) iliyofunga UDP 123, mlango unaopitisha maombi ya saa. Mitandao ya ofisi hupenda sana mchezo huo; muulize msimamizi kama kuna seva ya saa ya ndani. Njia ikifunguka na saa bado iko mbali, sudo chronyc makestep huirekebisha papo hapo badala ya kuivuta taratibu.

Lakini kila ukiwasha saa ikiwa mbele kwa saa tatu kamili, na kompyuta ina Windows pia, usiulaumu mtandao. Windows huweka saa ya Afrika Mashariki kwenye saa ya ubao mkuu (motherboard), Linux huisoma kama UTC (saa ya kimataifa) na kuiongezea saa tatu. Afadhali ibadilishwe Windows: kwenye rejista yake (Registry, hifadhi ya mipangilio), thamani ya RealTimeIsUniversal iwe 1, nayo itaweka UTC kwenye ubao mkuu.