Somo: kumzoesha punda mwoga kuguswa na kuvaa hatamu

Punda akisimama kimya, wengi hudhani amekubali. Farasi akiogopa hukimbia, lakini punda mara nyingi huganda kwanza, teke likaja baadaye. Kwa hiyo jifunze kumsoma kabla hujanyoosha mkono. Aliyeganda amekaza shingo, amefumba mdomo kwa nguvu, mkia ameubana, macho hayapepesi. Aliyetulia hushusha kichwa, hulambalamba midomo, hutoa pumzi ndefu, hupumzisha mguu mmoja wa nyuma, na sikio moja hukugeukia. Kila hatua hapa chini inategemea dalili hizo. Siku ulizopanga hazina uzito mbele yake.

Mahali na vifaa

Zizi la mita 5 kwa 5 linatosha. Likiwa kubwa mno utaishia kumkimbiza. Uzio uwe wa fito au mbao, bila seng'enge. Kama ana mwenzake, usiwatenganishe: punda akiondolewa rafiki yake husononeka na kususa chakula, na asipokula siku mbili tatu mafuta hujaa kwenye damu, akaweza kufa.

Tafuta kamba laini ya pamba ya mita 3, nene kama kidole gumba. Katani huchubua pua yake na viganja vyako. Hatamu iwe ya mkanda wa upana wa sentimita 2.5, wenye bizimu inayofunguka nyuma ya masikio. Muulize pia daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya pepopunda. Punda na farasi hupatwa na ugonjwa huu upesi kuliko ng'ombe, na jeraha dogo la kamba linatosha kuuingiza.

Hatua ya 1: kuwapo tu

Dakika 15 asubuhi na 15 jioni, ingia zizini na ndoo ya majani makavu, iweke chini, usimame ubavu ukimwelekea. Usimkazie macho. Usimlishe mkononi, maana atajifunza kung'ata vidole kabla hajajifunza kuguswa. Akila akiwa hatua mbili kutoka kwako bila kuinua kichwa kila mara, songa mbele.

Hatua ya 2: mguso wa kwanza

Mwendee kwa mshazari, ukielekea bega. Nyuma ya mkia na chini ya kidevu hakuoni, na mguso utokao huko humshtua. Zungumza ukiwa njiani. Weka mgongo wa mkono begani, hesabu hadi tatu, uondoe *kabla* hajasogea, kisha rudi nyuma hatua mbili.

Hapo ndipo kazi yote ilipo. Punda hujifunza kutokana na kile alichokuwa akifanya mkono ulipoondoka. Ukiuondoa ametulia, amejifunza kwamba utulivu humpa nafasi. Ukiuondoa anapochomoka, umemfundisha kuchomoka, na kesho atafanya hivyo mapema zaidi. Basi akisogea mkono ungali juu yake, fuatana naye taratibu bila kuminya, na uondoe pindi miguu inaposimama. Usimfukuze zizi zima. Akikuzidi, ujue ulikaa muda mrefu mno: safari ijayo hesabu hadi moja.

Begani pakizoeleka, panda hadi pale singa zinapoishia. Hapo mkune kwa nguvu kidogo, kama punda wanavyokunana wao kwa wao. Kisha shingo, kifua, mgongo, taya. Masikio na miguu viwe vya mwisho. Anayerusha mateke, mguse kwanza kwa fimbo ya mita 1.2 iliyoviringishwa kitambaa, wewe ukiwa usawa wa bega. Rudia yote upande wa kulia.

Hatua ya 3: kamba, kisha hatamu

Mpapase kwa kamba iliyokunjwa, halafu itandaze shingoni bila kuifunga. Usiizungushe mkononi kamwe. Akichomoka atakukata vidole.

Shika hatamu ikiwa wazi, simama kushoto, ishushe chini ya pua na ungoje aingize pua mwenyewe. Pitisha mkanda nyuma ya masikio, funga, hesabu hadi tano, vua. Mara tano au sita kwa kipindi zinatosha. Mkanda wa pua ukae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Ukishuka zaidi hubana sehemu laini ya pua na kumzuia kupumua. Vidole viwili vipite pia kati ya mkanda na ngozi.

Hatua ya 4: kufuata

Usimvute ukiwa mbele yake. Atakita miguu, na kwa uzito hutamshinda. Simama ubavuni, kaza kamba kidogo kuelekea upande, ngoja. Akihamisha hata mguu mmoja, legeza papo hapo. Usimfunge mtini kabla hajajua kulegea kamba inapokaza, na hata hapo tumia fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wangu anakubali kila kitu, ila nikifika masikioni anarusha kichwa.*

Marahaba. Kwanza chungulia ndani ya masikio: kupe huko huuma sana. Kama kuna kidonda, tibu kwanza. Kama ni pasafi, huenda aliwahi kuminywa sikio ili atulie. Telezesha mkono kutoka shingoni, pita chini ya sikio mara moja bila kusimama, urudi shingoni. Wakati huo usipitishe hatamu juu ya masikio. Ndiyo maana ya bizimu nyuma yake.

*Huchukua siku ngapi?*

Asiyewahi kuumizwa, wiki moja au mbili. Aliyewahi kupigwa, huenda miezi.

*Nimwachie hatamu usiku, kesho nisisumbuke kumshika?*

Hapana, ndugu. Itanasa kwenye kigingi au kwato ya nyuma atakapojikuna. Kama kumshika kesho ni taabu, rudi hatua ya 2.

*Na mtoto wa punda?*

Anza mapema, mama yake akiwa karibu, dakika tano tu. Mkune bila kucheza naye kwa kusukumana. Akifika miaka mitatu mchezo huo utakuvunja mbavu.