SOMO: Ateri ya nyuma ya goti ikipasuka, weka vidole kabla ya kisu

Wadau salama? Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya huku pembeni ya ziwa, Mwanza, sio daktari bingwa. Nawaandikia matabibu na manesi wenzangu wa vituo vidogo, na yeyote mwenye mzee nyumbani. Hiki kitu ni nadra ila kikija kinaondoka na mguu, saa ingine na mtu mwenyewe.

Mzee mmoja, mvuvi mstaafu, aliletwa kwetu na bajaji, mguu wa kulia umevimba kuanzia nyuma ya goti, ngozi inang'aa, siku mbili ametibiwa kwingine kama jipu na barua imeandikwa apasuliwe. Trei ilishaandaliwa, bledi iko juu ya gozi. Nikaweka vidole nyuma ya goti nijue usaha umekaa wapi, vidole vikainuliwa. Vikashuka. Vikainuliwa tena, sawasawa na mapigo ya kinena. Nikamwambia sista toa hiyo trei.

Ile ilikuwa aneurizimu ya ateri ya poplitea, yaani mshipa unaopeleka damu chini ya goti umechoka ukuta ukatuna, kama tyubu ya baiskeli inavyotuna pale ilipoisha. Kwa kawaida mshipa huo una upana wa milimita 7 mpaka 9 hivi, ukifika sentimita 1.5 wengi tunauita aneurizimu. Nyingi hazipasuki, zinaganda damu ndani na vipande vinaenda kuziba mishipa ya chini, mguu unakuwa wa baridi ghafla. Kupasuka ni wachache sana, ndo maana hakuna anayeifikiria.

HATUA YA 1, SHUKU. Mwanaume wa miaka 60 kwenda juu, mvutaji au wa presha, maumivu makali ya ghafla nyuma ya goti, shavu la mguu limekaza, damu imevilia mpaka kwenye kifundo. Damu ikivuja pale inabanwa na misuli na mafuta, kwahiyo mgonjwa anaweza kuja anaongea vizuri, presha iko sawa, ukadhani una muda. Uvimbe unakandamiza vena (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo), mguu unajaa, unasema damu imeganda kwenye vena. Unakandamiza neva, anapata ganzi ya unyayo, unasema mgongo. Au unasema ni uvimbe wa maji ya goti umepasuka. Yote matatu yanafanana nayo.

HATUA YA 2, SHIKA. Hapa naomba msiharakishe. Mlaze chali, goti likunje kidogo, misuli ilegee, zungusha mikono yote miwili, vidole vikutane katikati nyuma ya goti, bonyeza taratibu na usubiri. Kisha kinena, juu ya unyayo, nyuma ya kifundo cha ndani, na kila sehemu ulinganishe na mguu wa pili. Mwambie achezeshe vidole vya mguu, mguse uone kama anasikia. Shika na tumbo juu ya kitovu. Na tafadhali, kutodunda sio salama, damu nyingi ikishavilia au mshipa ukishaganda hutosikia kitu.

HATUA YA 3, USIYOFANYA. Usichome sindano kuvuta, usipasue, usikande na maji ya moto, na usianze heparini wala dawa yoyote ya kuyeyusha damu mpaka picha ionekane. Hii ya heparini ndo inayoniuma zaidi maana inatolewa kwa nia njema kabisa. Weka drip mbili za kanula kubwa, chukua damu ya grupu, mpe dawa ya maumivu, maji usimjaze kupita kiasi, presha ikipanda sana inasukuma damu nje. Ngozi ikipasuka kandamiza kwa mkono, ikishindikana funga tonike (mkanda wa kubana mshipa) pajani na andika saa uliyofunga. Piga simu hospitali ya rufaa KABLA gari halijaondoka.

HATUA YA 4, PICHA. Ultrasaundi ya dopla inatosha kukuonyesha mshipa umetuna na damu imezunguka nje yake. Siti skani yenye dawa ya mishipa inaonyesha panapovuja na mishipa gani ya chini bado iko wazi, daktari wa upasuaji anaitaka hiyo ajue ataunganisha wapi. Ila mguu ukiwa umekufa ganzi au presha inashuka, wasisubiri picha nzuri. Misuli na neva zikikosa damu kwa kama masaa 6 zinaanza kuharibika moja kwa moja.

HATUA YA 5, MATIBABU. Damu inazuiwa kwanza juu, kisha mshipa unafunguliwa kwa ndani ya goti au kwa nyuma, vilia la damu linatolewa, vijimshipa vinavyorudisha damu kwenye mfuko vinafungwa, na njia mpya inajengwa kwa vena ndefu ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, wanaigeuza ili vali zake zisizuie damu. Pengine wanapitisha bomba lililofunikwa kutokea kinenani bila kupasua goti, linamfaa mzee dhaifu, lakini goti linakunjwa kila siku na bomba linaweza kujikunja au kuziba. Shavu la mguu likiwa limekaza wanalichana lipumue. Mwaka 1785 John Hunter kule London alimtibu dereva wa gari la farasi kwa kufunga ateri ya pajani tu, mguu ukaishi kwa mishipa midogo inayozunguka goti, wakati huo wengi walikuwa wanakatwa.

MASWALI YENU

Mdau wa Ukerewe: Dokta shikamoo, babu yangu ana uvimbe nyuma ya goti miaka mingi, hauumi. Ndo huo?
— Marahaba. Mara nyingi huo ni mfuko wa maji ya goti. Lakini nenda naye apigwe ultrasaundi, usisubiri uume, maana ikiwa aneurizimu imefika sentimita 2 kwa kawaida anapangiwa upasuaji mapema. Kutoka Nansio kwa kivuko ni masaa, mguu ukishakuwa wa baridi hayo masaa hamna.

Sista wa Sengerema: Je heparini ishatolewa ndo tunagundua?
— Simamisha, andika kipimo na saa ya mwisho kwenye barua kwa maandishi makubwa. Kuna protamini ya kuizima, waambie kwenye simu waiandae. Nyie angalau tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamsubiri kivuko, ondokeni na mgonjwa.

Kijana wa Igoma: Nina 28, nilianguka na bodaboda goti likatoka, likarudishwa, saivi kuna kitu kinadunda nyuma.
— Mdogo wangu, goti likitoka linaweza kuchana ateri na damu ikajitengenezea mfuko. Nenda LEO hospitali ya Bugando, usipitie kwa mtu wa kukanda.

Mdau wa Nyegezi: Yule mzee aliishia wapi?
— Alipasuliwa usiku uleule, mguu upo, ana kovu refu kwenye shavu la mguu. Karibu nusu ya hawa wagonjwa wanayo pande zote mbili, na kama wanne kati ya kumi wanayo kwenye aota (mshipa mkuu wa damu) ya tumboni, kwahiyo walimpima kote. Tumbo liko salama, goti la kushoto lina sentimita 2.4, amepangiwa mwezi ujao. Anameza aspirini yake, sigara ameacha. Jana alikuja kufungwa kidonda, nikaweka vidole juu ya unyayo wa kulia, unadunda.