Pikapu ya dizeli ikichemsha, usikimbilie kung'oa thamostati

Wenye Hilux na pikapu nyingine za dizeli, geji ya joto ikipanda, angalia kwanza inapanda wakati gani. Ikipanda kwenye foleni na kushuka ukianza kutembea, mara nyingi shida ni feni au klachi yake. Injini ikiwa ya moto, izime, kisha zungusha feni kwa mkono: ikizunguka bure bila kukaza hata kidogo, klachi imekufa. Geji ikipanda ukiwa mlimani na mzigo, pale mlima Kitonga kwa mfano, shuku rejeta. Vumbi na wadudu hujazana kati yake na kondensa ya AC (ile kama rejeta iliyo mbele yake), na ukiwa mbele ya gari huwaoni. Pulizia maji kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo.

Kuna mafundi wanaong'oa thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, na kuitupa. Usikubali! Dizeli isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Ipime nyumbani: itumbukize kwenye sufuria ya maji, uchemshe. Joto la kufunguka limeandikwa juu yake, mara nyingi nyuzi 82 au 88 za Selsiasi. Maji yakitokota nayo bado imefunga, nunua mpya.

Kulanti (maji ya kupoza injini) ikipungua bila kuvuja popote, fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa, kisha washa. Mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo usiendelee kuliendesha, hedi itapinda.