Dakika moja Olympia: mhudumu wa wazee majumbani anavyoweza kuongea na wabunge wa Washington

Mara ya kwanza kukaa mbele ya kamati ya bunge pale Olympia, mji mkuu wa jimbo la Washington hapa Marekani, nilipewa dakika moja, nikaimaliza kwa salamu. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu huwezi kuwakuta watu wazima wamekaa ukaanza tu kumwaga shida zako. Nikamsalimu mwenyekiti, nikawasalimu wajumbe, nikashukuru kwa nafasi, nikaeleza nilivyofika mji wa Kent na nilivyoingia kwenye kazi hii ya kuhudumia wazee majumbani. Nilipofika kwenye "basi, ninachoomba ni", mwenyekiti akasema asante, anayefuata. Nikaendesha gari karibu maili 50 kurudi nyumbani huku naimalizia ile sentensi peke yangu.

Tangu hapo nimekwenda tena na tena, na sasa wenzangu wakitaka kwenda hunipigia simu. Nimechoka kueleza kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Tuanze na kwa nini Olympia na si ofisini kwa bosi. Wateja wetu wengi wanalipiwa na Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, ambayo ni fedha za serikali ya shirikisho na za jimbo zikiwa zimechangwa pamoja. Wakala aliyekuajiri hajipangii bei kwa wateja hao. Analipwa kiwango fulani kwa saa, na fedha za kiwango hicho zinatoka kwenye bajeti inayopitishwa na bunge la jimbo. Kwa wale walioajiriwa kupitia mpango wa mteja kujichagulia mhudumu, chama cha wafanyakazi cha SEIU 775 ndicho kinachowasemea, na iko bodi ya kupanga viwango, lakini nayo bila bunge kutoa fedha ni karatasi tu. Nilipoomba nyongeza miaka ile, msimamizi wangu aliniambia, "Dada, mimi nikipewa nitakupa." Niliona ananizungusha. Baadaye nikagundua safari hiyo alikuwa anasema kweli.

Ila si kila dhuluma ni ya kupeleka bungeni. Wakala mmoja niliyemfanyia kazi alikuwa halipi muda wa kuendesha gari kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine. Hilo halihitaji sheria mpya, sheria ipo: muda huo ni wa kazi na unalipwa. Lalamiko la namna hiyo linakwenda Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, ile tunayoiita L&I, na kulifungua ni bure. Una miaka 3 ya kudai. Usiipoteze dakika yako ya Olympia kwa jambo ambalo karani wa L&I angelimaliza. Wabunge wanakusikiliza kwa huruma, kisha wanakuelekeza huko huko, na siku yako imekwisha.

Sasa kalenda, maana wengi wanaanza kuamka Machi wakati mambo yameshaiva. Bunge la Washington halikai mwaka mzima. Linaanza Jumatatu ya pili ya Januari; mwaka wenye namba witiri linakaa siku 105, mwaka wenye namba shufwa siku 60. Bajeti ya miaka miwili huandikwa ule mwaka mrefu, na mwaka mfupi hurekebishwa tu. Kwa hiyo ukiwa na ombi kubwa la fedha, lenga mwaka mrefu. Na kama unataka kukaa na mbunge kwa utulivu, mtafute Septemba hadi Novemba, akiwa nyumbani kwenye eneo lake. Januari ikifika atakusikiliza akitembea, wewe unamkimbilia ubavuni kwenye korido.

Wabunge wako ni watatu: seneta mmoja na wawakilishi wawili. Jimbo lina maeneo 49 ya uchaguzi, na mipaka yake haifuati miji. Sisi wa Kent wengine wako eneo la 33, wengine la 47, kwa hiyo usinakili majina ya wabunge wa jirani yako. Tovuti ya bunge ina sehemu ya kuandika anwani yako na kupata majina. Ukiyapata, mwandikie msaidizi wa mbunge. Huyo msaidizi ndiye anayeshika shajara, ndiye anayesoma barua pepe, na ndiye atakayekukumbuka. Andika mistari minne: jina, mtaa unaokaa, kazi yako, na kwamba unaomba dakika 15. Kama muswada umeshapata namba, iweke kwenye kichwa cha barua. Miswada ya Bunge la Wawakilishi inaanzia 1000, ya Seneti inaanzia 5000, hivyo namba peke yake inakuambia muswada umezaliwa upande gani. Ukishindwa kabisa kuandika, piga 1-800-562-6000, simu ya bure ya bunge, ujumbe wako utafikishwa kwa wote watatu.

Kuna swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini: mimi si raia, naruhusiwa? Ndiyo. Kutoa maoni mbele ya kamati hakuhitaji uraia wala kadi ya kupiga kura. Na kama hakuna anayekulipa kwenda, huhitaji kujisajili kama mshawishi wa kulipwa. Lakini lijue na hili: vikao vinarushwa na televisheni ya TVW na vinabaki mtandaoni, jina lako na sura yako. Kama karatasi zako za uhamiaji bado hazijatulia, binafsi nakushauri umpe mwenzako kisa chako akiseme bila jina. Hakuna atakayekuona mwoga.

Kabla ya siku yenyewe panga nani atamhudumia mteja. Mimi huomba ruhusa wiki mbili mbele na kuhakikisha mbadala anajua kutumia mashine ya kumnyanyulia mteja, maana si kila mtu anaijua. Na ile programu ya simu tunayobonyeza tukiingia na kutoka kwa mteja, hakikisha umeifunga. Mtu akionekana kwenye TVW saa nne asubuhi huku programu inasema yuko kwa mteja mjini Federal Way, hapo hakuna wa kumtetea. Nenda kwa muda wako na nguo zako, si sare ya wakala.

Habari za mteja ni zake. Usitaje jina, mtaa, wala ugonjwa kwa namna itakayomfanya jirani amtambue. Bibi ninayemhudumia asubuhi nilimwomba ruhusa nieleze tu ninavyomtoa kitandani. Akakubali, kisha akadai kunisikiliza kwanza. Alikuwa mwalimu zamani. Nikasimama pembeni ya kitanda chake, yeye ameshika simu yangu inayohesabu sekunde, na nilipomaliza akaniambia nimepitiliza sekunde 20 na nimesema "kwa kweli" mara tatu. Nilikata zote tatu.

Hiyo dakika, basi. Kwa Kiingereza cha mwendo wa kueleweka ni maneno kama 130. Usiongeze kasi ili yaingie mengi. Lafudhi yetu haina ubaya wowote, kinachoharibu ni haraka. Heshima pale inaonyeshwa kwa ufupi, hilo ndilo lililonichukua muda kulizoea: unamtaja mwenyekiti na wajumbe kwa pumzi moja, unataja jina lako, unasema unaunga mkono muswada namba fulani. Ombi lije mapema, kabla hata ya kisa, ili wakikukatiza liwe limeshatoka. Yangu ya mara ya tatu, nikiigeuza kwa Kiswahili, ilikwenda hivi:

"Mheshimiwa mwenyekiti na wajumbe, naitwa fulani, mhudumu wa nyumbani kutoka Kent. Naomba mpitishe nyongeza ya kiwango cha saa iliyo kwenye muswada huu. Leo asubuhi kabla ya kuja hapa, mwenzangu alimtoa kitandani bibi asiyeweza kusimama. Unamgeuza upande, unapitisha kitambaa cha mashine chini ya mgongo, unamrudisha, unakagua ngozi ya kisigino kama ina wekundu, ndipo unamnyanyua. Ukiruka hatua ya kisigino, baada ya siku chache ana kidonda na yuko hospitali. Hiyo hatua inafanywa na mtu anayemjua. Kwa miaka miwili nyumba hiyo imebadilisha wahudumu watano, wote wameondoka kwa sababu ya malipo. Mimi nataka kubaki. Asanteni."

Ona kwamba sikusema kazi yetu ni ngumu. Kila anayekaa kwenye kiti kile anasema kazi yake ni ngumu, hata wenye mabenki. Kisigino ndicho kilichowafanya wanyanyue macho kutoka kwenye kompyuta zao.

Kujiandikisha kusema hufanyika kwenye tovuti ya bunge, na mlango unafungwa saa moja kabla ya kikao kuanza. Unachagua kufika mwenyewe au kusema kwa video. Maoni ya maandishi yanapokelewa mpaka saa 24 baada ya kikao kuanza. Na ipo njia ya nne ambayo wahudumu wa zamu za usiku hawaijui: unaandika tu kwamba unaunga mkono au unapinga, bila kusema neno. Inachukua dakika mbili ukiwa umekaa kwenye gari. Wajumbe huona idadi, na kwenye chumba chenye wasemaji kumi, majina mia yaliyojiandikisha kuunga mkono yanaongea.

Kwenye ofisi ya mbunge ni mchezo mwingine. Pale zile dakika 15 ni za mazungumzo, na karatasi moja inasaidia kuliko faili. Mimi hupeleka ratiba ya Jumanne yangu moja. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu na nusu niko kwa bibi. Dakika 25 barabarani. Saa nne mpaka saa sita niko kwa mzee wa pili. Kisha hakuna kitu mpaka saa kumi na moja jioni, maana ajira zetu zimekatwakatwa kufuata kuamka na kulala kwa wateja. Saa kumi na moja mpaka moja na nusu, mteja wa tatu. Nyumbani saa mbili usiku. Saa za wateja ni saba na nusu ndani ya siku ya saa kumi na nne. Mbunge mmoja aliiangalia karatasi, akauliza mchana huwa nakaa wapi. Nikamwambia kwenye maegesho ya maktaba, kiti nimekilaza nyuma. Hakuuliza tena kwa nini watu wanaacha kazi.

(Karatasi ya kwanza niliiandika kwa haraka usiku, na kwa mazoea ya kwetu nikaandika naanza kazi saa 12:30. Msaidizi wa mbunge alidhani nalala mpaka mchana. Ipitie mara mbili.)

Mtaulizwa gharama. Hapa wengi hutetemeka, lakini kuna hesabu moja ya kubeba kichwani. Kwa mpango mkuu wa Medicaid wa huduma za nyumbani hapa jimboni, ule wa Community First Choice ulioanza 2015, serikali ya shirikisho hutoa nusu ya gharama, kisha inaongeza asilimia 6. Yaani kati ya kila dola 100, 56 zinatoka Washington, D.C. na 44 zinatoka Olympia. Mwambie mbunge hivyo hivyo. Akiuliza zaidi ya hapo, kila muswada wa fedha huwa na makadirio ya gharama yaliyoandikwa na watu wa serikali, yako kwenye ukurasa wa muswada. Ukiwa huna jibu, sema utamtumia msaidizi kesho, na kesho utume kweli. Usibuni namba. Ukikamatwa na namba moja ya uongo, hata kisigino hakiaminiki tena.

Jambo jingine ambalo nimeona linawashangaza ni mafunzo. Wapiga kura wa jimbo hili ndio waliopitisha mwaka 2011 kwamba mhudumu asome saa 75 na afanye mtihani wa cheti. Kuna mbunge alidhani tunaajiriwa kwa kujua kupika. Simlaumu, hata shangazi yangu kule Tanga anadhani hivyo.

Baada ya kikao tuma shukrani siku hiyo hiyo, hata kwa yule aliyekukunjia uso, kisha ufuatilie. Muswada wenye fedha ukitoka kamati ya kwanza unapelekwa kwenye kamati ya fedha, na huko ndiko mingi inakofia, kimya kimya, kwa kutopangiwa siku tu. Wakati huo ndio wa barua pepe fupi kwa msaidizi: je, umepangwa lini? Ukifia pale mwaka mrefu, bado haujazikwa, kwa sababu miswada ya mwaka wa kwanza hubaki hai hadi mwaka wa pili wa kipindi hicho.

Wetu mmoja ulikwama hivyo. Januari iliyofuata nikarudi kwenye ofisi ile ile bila karatasi, nikidhani nitaanza upya. Msaidizi akasema subiri, akafungua droo, akatoa Jumanne yangu ya mwaka uliopita. Pembeni ya ile 12:30, mtu alikuwa ameandika 6:30 kwa kalamu nyekundu.