Kujisajili na kupiga kura kwa mara ya kwanza nchini Kenya

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Baadhi ya wanaorudishwa nyumbani siku hiyo hukwama kwa makosa ya miezi kadhaa nyuma, wakati wa kujisajili.

Anza na kitambulisho. Ukishatimiza miaka 18, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) inakubali kitambulisho cha taifa au pasipoti ambayo muda wake haujaisha. Stakabadhi ya kusubiri kitambulisho haikubaliki, kwa hivyo kiombe mapema. Usajili huendelea katika ofisi za IEBC za maeneobunge, lakini husitishwa kabla ya uchaguzi. Usingoje msukumano wa wiki ya mwisho.

Ukifika, utajaza fomu, utachukuliwa alama za vidole na picha, kisha utapewa stakabadhi. Kabla ya kuondoka, soma jina lako na nambari ya kitambulisho herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Kosa la tarakimu moja karani hulirekebisha papo hapo. Likigunduliwa Agosti, foleni nzima iko nyuma yako.

La kufikiria zaidi ni kituo. Utapigia kura pale ulipojisajili tu. Mwanafunzi anayejisajili karibu na chuo, ilhali Agosti atakuwa kwao, anajinyima kura mwenyewe. Ukihama, omba uhamisho wa kituo; usijisajili upya, maana kujisajili mara mbili ni kosa la jinai. Daftari la wapiga kura likifunguliwa kwa ukaguzi, hakikisha jina lako limo.

Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga kura, asikubali kufukuzwa. Beba hati ileile uliyojisajili nayo. Futa vidole vikauke: jasho, mafuta au vumbi la saruji huifanya mashine ya KIEMS, inayosoma alama za vidole, ishindwe kukutambua. Ikishindwa kabisa, usiondoke. Karani anaweza kukutafuta kwa nambari ya hati yako, mawakala wa vyama na wagombea wakishuhudia.

Utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi. Tia alama moja tu kwenye kila karatasi, ndani ya kisanduku cha unayemtaka. Ukiwatilia alama wagombea wawili wa kiti kimoja, au ukiandika jina lako, kura hiyo itakataliwa. Umekosea? Usiitumbukize. Mrudishie afisa msimamizi, atakupa nyingine. Wengi huona haya kuomba, na hapo kura huwapotea bure.

Kisha linganisha rangi ya karatasi na kifuniko cha sanduku. Mwaka 2022 ya rais ilikuwa nyeupe, ya gavana samawati, ya mbunge kijani. Ziingize mojamoja bila haraka, kwa sababu karatasi iliyoingia sanduku lisilo lake huenda isihesabiwe.

Asiyeona au asiyeweza kusoma anaweza kuja na msaidizi wake aliyetimiza miaka 18. Msaidizi huapa kutunza siri, na haruhusiwi kumsaidia zaidi ya mpiga kura mmoja. Asiye na msaidizi husaidiwa na afisa msimamizi mbele ya mawakala.