Jinsi ya kutunga koja la yasmini la Kithai

Yasmini ya makoja ya Thailand, yaitwayo phuang malai, ni ileile tunayoijua Pwani. Mwenye mti uani ana karibu kila kitu.

Hatua ya 1: Chuma matumba alfajiri, meupe lakini bado yamefumba. Lililokwisha kuchanua litanyauka mapema. Yachambue kwa ukubwa na ukate vikonyo vilingane. Usiharakishe hapa, koja zuri hupatikana kwenye uchambuzi.

Hatua ya 2: Tafuta sindano ya makoja, ndefu kiasi cha sentimita 30, uipake vaselini ili maua yateleze.

Hatua ya 3: Simamisha sindano, toboa kila tumba ubavuni kwenye kikonyo, kichwa kikitazama nje. Mzunguko wa kwanza weka sita. Mzunguko wa pili, kila tumba likae juu ya pengo la matumba mawili ya chini. Endelea hivyo ukibana taratibu, na kila baada ya mizunguko michache geuza sindano uangalie mistari. Ukiona imepinda, toa ya juu upange upya hapohapo, kwa sababu kosa dogo hupanda hadi mwisho.

Hatua ya 4: Sindano ikijaa, teremsha maua yote kwa pamoja hadi kwenye uzi, bila kuyaminya. Funga ncha mbili kuwa duara.

Hatua ya 5: Ning'iniza kishada. Wathai hupenda maua magumu ya dok rak, na waridi chini kabisa.

Duara hili lenye kishada hutolewa mbele ya sanamu ya Buddha, huwekwa kwenye vijumba vya mizimu, na madereva hulitundika kwenye kioo cha gari. La kuvalisha bwana na bibi harusi ni jingine: huachwa wazi, ncha mbili zikining'inia kifuani. Tarehe 12 Agosti, siku aliyozaliwa Malkia Sirikit, ni Siku ya Mama, na watoto hupiga magoti mbele ya mama zao wakiwapa yasmini. Mimi naona hapo ndipo ua hili linapopata heshima yake kamili.

Koja la ibada usilinuse kabla ya kulitoa. Kama ni la kesho, linyunyizie maji, lifunge kwa jani la mgomba, uliweke kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu.