Kundi la kwale likiruka, chagua ndege mmoja

Nimewinda kwale tangu ujanani, na kosa lililonipotezea ndege wengi kuliko yote ni kulifyatulia kundi zima. Kwale 12 wakiruka kwa mpigo, kishindo cha mabawa kinakushtua, macho yanatapakaa, unafyatua katikati yao na hakuna anayeanguka. Uwazi kati ya ndege na ndege ni mkubwa kuliko unavyodhani. Chagua mmoja, mkazie macho kichwani, si mkiani, na usimwache mpaka aanguke.

Unapofyatua, usisimamishe mtutu. Marisawa, yaani vijirisasi vya bunduki, hutoka kwa kasi ya mita 400 hivi kwa sekunde, lakini ndege naye hasubiri. Bunduki ikisimama, yanapita nyuma yake. Akishavuka mita 35, mwache aende. Ndege niliyemjeruhi nisimpate huniuma hadi leo.

Akianguka, usiondoe macho pale. Shika alama, iwe kichaka, jiwe au shina lililovunjika, kisha nenda moja kwa moja kabla ya kumtazama mwingine. Kwale aliyelala kwenye majani makavu unaweza kumkanyaga usimwone, maana rangi yake ni ile ile ya majani.

Tena, unapotembea ukiwatafuta, simama mara kwa mara. Ndege aliyejibanza huvumilia nyayo zinazopita, ila ukimya humtia wasiwasi, akaruka. Kabla ya kuinua bunduki, jua mwenzako yuko wapi na mbwa yuko wapi. Ndege arukaye chini huku mbwa akimfukuza, mimi simpigi kamwe.